Kutengeneza filamu ya makala kwa picha za kumbukumbu

Kabla hujafungua programu ya kuhariri, fungua jedwali. Filamu ya makala inayojengwa kwa picha za zamani ni nadra kukwama kwa kukosa picha. Hukwama mwishoni, pale zile sekunde 40 zilizobeba filamu nzima zinapogundulika kuwa hakuna ajuaye zilitoka wapi, ni mali ya nani, wala nakala yake safi iko katika kabati gani. Kila kipande kiwe na nasaba yake kabla hakijaingia kwenye taimlaini, ule mstari wa muda ambao vipande hupangwa ndani ya programu ya kuhariri. Mengine yote yanayofuata yanategemea hilo.

Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha. Andika namba ya kipande, chanzo, namba ya mkanda au kaseti kama inavyojulikana huko kwenye chanzo, taimkodi (saa, dakika, sekunde na fremu) ya kuanzia na ya kuishia, kinachoonekana, tarehe na mahali, nani amethibitisha tarehe na mahali hapo, mwenye haki, masharti na bei, na mwisho hali ya nakala uliyonayo: ya kutazamia, yaani ya ubora mdogo ya kufanyia kazi, au nakala mama, ile ya ubora kamili. Safu ya "nani amethibitisha" ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo itakayokuokoa mtazamaji mmoja atakapoandika kusema kwamba daraja lile halikuwa limejengwa mwaka unaoutaja.

Namba ya kipande iingie kwenye jina la faili. Kwa mfano K07_R4_0123_TAZAMIO.mov ni chanzo cha saba, mkanda wa nne, kipande cha 123, nakala ya kutazamia. Nakala mama ikifika inaitwa K07_R4_0123_MAMA.mov, na herufi zilizobaki hazibadiliki. Ukishaingiza faili kwenye programu ya kuhariri usilibadilishe jina hata kama limekosewa. Sahihisha kwenye jedwali. Faili lililobadilishwa jina hukatika na programu, na kuliunganisha upya miezi sita baadaye ni kazi ya kubahatisha.

Kutafuta

Katalogi huzungumza lugha ya siku ilipoandikwa. Ukitafuta mji kwa jina lake la leo pekee utakosa picha zilizoorodheshwa kwa jina la zamani, kwa tahajia ya mkoloni, au kwa jina la kiongozi aliyefika siku hiyo. Andaa orodha ya majina yote ambayo mahali, watu na taasisi zimewahi kuitwa, utafute moja moja. Tena katalogi huorodhesha matukio, haiorodheshi hali. Hutapata "upweke" wala "maisha ya kila siku". Utapata "waziri afungua kiwanda", na ndani ya mkanda huo, baada ya hotuba, kuna shoti tatu za wafanyakazi wakitoka getini jioni. Hizo ndizo unazozitaka, na hakuna aliyeziandika popote. Tazama mkanda mzima, hadi mwisho.

Ukipata habari ya sinema (taarifa ya habari iliyoonyeshwa kwenye majumba ya sinema) iliyokamilika, yenye msimulizi na muziki vilivyobandikwa juu, uliza kama mabaki ya uhariri yapo. Mabaki hayana sauti ya msimulizi, shoti zake ni ndefu, na mara nyingi yana ile dakika ambayo mhariri wa zamani aliitupa kwa kuwa haikumfaa. Uliza pia karatasi ya mpiga picha: wapiga picha wa habari walituma mkanda pamoja na maelezo ya shoti kwa shoti, na karatasi hizo mara nyingine zimehifadhiwa jengo jingine kabisa, kwenye nyaraka za maandishi.

Usisahau makusanyo ya familia. Rili ya kawaida ya Super 8, mkanda mwembamba wa filamu za nyumbani, ina futi 50. Kwa fremu 18 kwa sekunde hiyo ni dakika 3 na sekunde 20. Ni kidogo, lakini ni picha zilizopigwa na mtu aliyewapenda waliomo.

Kutambua kilichomo

Maelezo ya kwenye kopo hukosea. Yachukulie kama ushahidi wa shahidi mmoja, kisha utafute wa pili ndani ya picha yenyewe: namba za magari, mabango ya sinema, sare, nguzo za umeme, urefu wa vivuli. Angalia kwanza kama picha imegeuzwa kushoto kulia, maana mkanda ukipitishwa kwenye mashine kwa upande usio wake, dunia nzima hugeuka. Maandishi hukuambia mara moja. Pasipo maandishi, tazama mashati: ya wanaume kwa desturi vifungo huwa upande wa kulia wa mvaaji. Tazama pia upande wa usukani na mkono unaopiga saluti.

Ukingo wa mkanda nao husema. Kodak iliweka alama ndogo za duara, mraba na pembetatu kuonyesha mwaka mkanda ulipotengenezwa kiwandani, na mpangilio huo ulirudiwa kila baada ya miaka 20. Kwa hiyo alama ileile inaweza kumaanisha 1936 au 1956. Magari yaliyomo kwenye picha ndiyo yatakayoamua. Kumbuka pia kwamba ni mwaka wa kiwandani, si wa kupiga picha, na kwamba nakala chanya inaweza kuonyesha alama mbili: yake yenyewe na ile iliyopita kutoka kwenye negativu.

Ikiwa picha si ya tukio unalolisimulia bali inafanana nalo tu, mwambie mtazamaji kwa maandishi kwenye skrini, au usimulie kwa namna isiyodai kuwa ndiyo. Maandamano ya mji mmoja yakiwekwa chini ya maneno yanayohusu mji mwingine ni uongo, hata kama kila neno la msimulizi ni kweli.

Ukiwa na mkanda wenyewe mkononi

Nusa kwanza. Harufu ya siki ni dalili kwamba mkanda wa asetati (aina ya plastiki) umeanza kuoza. Mvuke wake huambukiza mikanda ya jirani, kwa hiyo utenge, uweke mahali pa baridi na pakavu, na uutangulize kwenye foleni ya kuskani. Mkanda unaooza husinyaa na kujikunja, na baada ya hatua fulani haurudi.

Mkanda wa milimita 35 wa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kurudi nyuma unaweza kuwa wa nitrati, plastiki inayoshika moto upesi. Kodak iliacha kuutengeneza mwaka 1951. Nitrati ikiwaka hutoa oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo hata ukiizamisha majini inaendelea kuungua. Usiufungue karibu na joto, usiupeleke kwa posta; wasiliana na hifadhi ya filamu yenye chumba maalumu. Mikanda ya milimita 16 na 8 ilitengenezwa kwa msingi usioshika moto namna hiyo.

Usiujaribu mkanda wa zamani kwenye projekta "tuone kilichomo". Mkanda uliosinyaa hata asilimia moja matundu yake hayalingani tena na meno ya mashine, na meno huyachana. Tafuta skana isiyo na meno, inayouvuta mkanda kwa rola.

Maabara ipewe maagizo kwa maandishi. Milimita 16 iskaniwe angalau 2K (upana wa pikseli kama 2,000), milimita 35 iwe 4K (kama 4,000). Rangi biti 10 au zaidi, picha ikiwa imefifia kwa makusudi ili maeneo yenye mwanga mkali yasipotee. Skana ichukue fremu nzima pamoja na ukingo. Fremu moja ya mkanda iwe fremu moja ya faili, bila kurudia wala kuchanganya. Na usafishaji wowote wa kidijitali, wa vumbi, wa chembe au wa kupepesa kwa mwanga, usifanyike hapo: ukishachomwa ndani ya faili hautoki. ProRes 422 HQ, aina ya faili la video la kuhariria, ya 1920×1080 kwa fremu 25 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 83 kwa saa, kwa hiyo piga hesabu ya diski mapema, mara tatu: nakala mbili kwenye diski tofauti na ya tatu katika jengo jingine.

Kwenye milimita 16 yenye sauti ya mwanga ukingoni, yaani sauti iliyochapwa kama mstari wa picha, sauti ya fremu fulani imechapwa fremu 26 mbele ya picha yake, kwa sababu kichwa cha kusoma sauti hakiwezi kukaa palepale pa lenzi. Kwa fremu 24 hiyo ni zaidi kidogo ya sekunde moja. Skana inayosoma sauti na picha kwa pamoja isiporekebishwa, midomo na maneno vitapishana kwa kiasi hichohicho, mkanda mzima. Ukikutana na mtu anayefungua mdomo sekunde moja baada ya kusikika, sogeza sauti fremu 26 kabla ya kutafuta sababu nyingine. Na pale mkanda ulipokatika ukaungwa, tarajia mruko wa picha mahali pamoja na mruko wa sauti kama sekunde moja mbali nao. Hiyo haitengenezeki kwa kusogeza. Ni lazima ukate pande zote mbili.

Kaseti zina magonjwa yake. U-matic au Betacam SP, kaseti za video za kitaalamu za zamani, inayolia kama mlango mkavu na kuacha masizi ya kahawia kwenye vichwa vya mashine imeshika unyevu na gundi yake inayeyuka. Isimamishe mara hiyo. Wataalamu huzikausha kwenye tanuri maalumu kwa nyuzi 50 hivi za Selsiasi kwa saa kadhaa, kisha hunakili haraka kabla unyevu haujarudi. Tanuri la jikoni halifai kabisa, halishiki joto moja. VHS inahitaji kifaa cha kusawazisha mwendo wa mistari katikati ya mashine na kompyuta, la sivyo kingo za picha hupinda juu kama bendera. MiniDV, kaseti ndogo ya kidijitali, tayari ni data: ihamishe kwa waya wa FireWire, usiipitishe kwenye kebo ya analogi.

Kasi, mistari na umbo

Hapa ndipo filamu nyingi za makala huharibu picha nzuri bila mtu kujua.

Anza na kasi. Filamu za kimya na za nyumbani zilipigwa kwa fremu 16 au 18 kwa sekunde, mara nyingine kwa mkono unaozungusha mpini, kwa hiyo kasi hubadilika ndani ya mkanda mmoja. Fremu 16 zikichezwa kwa 24, watu huenda mara moja na nusu ya mwendo wao, na mazishi yanageuka kichekesho. Wale waliomo walistahili kutembea kama walivyotembea. Kupeleka fremu 18 kwenye 24, rudia kila fremu ya tatu mara mbili: fremu tatu zinakuwa nne. Kutoka 16 kwenda 24, rudia kila fremu ya pili. Usitumie uchanganyaji wa fremu unaotoa vivuli viwili, wala ubunifu wa fremu mpya katikati, ambao huyeyusha miguu ya watembeaji. Kasi sahihi haipatikani kwenye karatasi. Tazama maji yanayomwagwa, moshi, nguo inayoanguka, mtu anayeshuka ngazi. Rekebisha shoti kwa shoti.

Video ya zamani ina mistari inayopishana: kila fremu ni nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati mbili. Ondoa mistari hiyo kabla ya kukuza picha. Ukikuza kwanza, mistari huchanganyika na jirani zake na hakuna programu itakayoitenganisha tena. Chujio la QTGMC hufanya kazi hii vizuri kuliko kitufe kilichomo ndani ya programu nyingi za kuhariri. Bwdif iliyomo ndani ya ffmpeg, programu ya bure ya kugeuza video, ni ya haraka na inatosha kwa nakala ya kutazamia. Hakikisha umetaja ni nusu ipi inaanza. DV huanza na ya chini. Kaseti nyingine nyingi za PAL (mfumo wa video wa fremu 25 kwa sekunde), zikishanaswa kwenye faili, huanza na ya juu. Ukikosea, kitu kinachokwenda mbele huonekana kikipiga hatua mbele na nusu nyuma, kikitetemeka.

Kuna mtego mwingine. Filamu ya fremu 24 iliyohamishiwa kwenye video ya NTSC, mfumo uliotumika Marekani, ilisambazwa ili ijaze fremu 29.97 kwa sekunde, na katika kila fremu tano utaona mbili zenye mistari na tatu safi. Usiipige chujio la kuondoa mistari. Rudisha mpangilio wake hadi fremu 23.976 na utapata fremu za filamu zenyewe, kamili. Kwa PAL, filamu ya 24 iliharakishwa tu hadi 25, asilimia 4 zaidi, na sauti ikapanda kidogo. Kama unaifahamu sauti ya mtu anayeongea utaisikia. Irudishe 24, sauti ishuke pamoja na picha.

Umbo la picha liachwe. Video ya PAL ya 720×576 haina pikseli za mraba: ionyeshwe kama 768×576, na ndani ya fremu ya 1920×1080 inakaa 1440×1080 yenye nguzo nyeusi pembeni. Ukiinyoosha ijae, watu wote wananenepa. Ukiikata juu na chini, umetupa robo ya picha, na kwa kawaida robo hiyo ni vichwa na miguu. Nguzo nyeusi hazimsumbui mtazamaji. Baada ya dakika mbili hazioni tena.

Kuhusu programu za kukuza picha kwa akili bandia: hazisafishi sura, zinabuni sura nyingine. Jicho lililokuwa na pikseli nne linapewa kope ambazo hazikuwahi kupigwa picha. Kwa filamu inayodai ushahidi hilo ni tatizo la ukweli kabla ya kuwa tatizo la urembo. Mwaka 2024 Archival Producers Alliance, umoja wa watayarishaji wa picha za kumbukumbu, walitoa mwongozo wa matumizi ya akili bandia katika filamu za makala, na msingi wake mkubwa ni uwazi kwa mtazamaji. Ukibadilisha picha, sema.

Haki

Mwenye kopo si lazima awe mwenye haki. Hifadhi inaweza kukutoza ada ya kunakili na kukukabidhi faili bila kukupa ruhusa yoyote ya kulitumia, kwa kuwa haki ziko kwa kampuni iliyolipiga au warithi wake. Soma risiti: ada ya nakala na ada ya leseni ni vitu viwili. Na ndani ya kipande kimoja mna tabaka: picha yenyewe, muziki unaosikika nyuma, televisheni inayowaka ukutani ikionyesha kazi ya mtu mwingine. Kila tabaka lina mwenyewe.

Leseni hupangwa kwa eneo, muda na njia ya kuonyesha, na hulipwa kwa sekunde. Dakika 30 za picha za kumbukumbu ni sekunde 1,800, kila moja na bei yake. Vyanzo vingi huweka kiwango cha chini, kwa mfano sekunde 30, hata ukitumia nne tu. Ndiyo maana vipande vingi kutoka chanzo kimoja ni nafuu kuliko kipande kimoja kimoja kutoka vyanzo kumi. Ukichukua leseni ya matamasha pekee, andikiana nao sasa hivi bei ya kuipandisha hadi dunia nzima na njia zote. Filamu ikishapendwa, bei hiyo haitakuwa ileile.

Uhuru wa hakimiliki hutofautiana nchi hadi nchi. Marekani, filamu zilizotoka kabla ya 1978 na kutimiza masharti ya wakati huo hulindwa miaka 95 tangu zilipotoka, na kazi za watumishi wa serikali kuu hazina hakimiliki humo. Lakini mkanda wa serikali unaweza kuwa na shoti zilizonunuliwa kwa kampuni binafsi. Mkataba wa Berne unaruhusu nchi kulinda filamu kwa miaka 50 tangu ilipoonyeshwa hadharani, na nchi nyingi zimeongeza. Kilicho huru mahali pamoja kinaweza kuwa na mwenyewe mahali pengine utakapoonyesha. Matumizi ya haki yasiyohitaji kibali, chini ya kifungu cha 107 cha sheria ya Marekani, hupimwa kipande kwa kipande. Mtoa bima wa filamu, anayekukinga na madai ya haki, atataka barua ya mwanasheria. Kwa kipande kisichojulikana mwenyewe, tunza barua zote ulizoandika kumtafuta, pamoja na tarehe.

Kuhariri

Shoti za habari za zamani ni fupi, mara nyingi sekunde tatu hadi tano, na hazikupigwa ili zisimamie simulizi refu. Kwa hiyo jenga sauti kwanza: mahojiano, barua zinazosomwa, rekodi za redio. Ikisimama yenyewe kwa dakika 20 bila picha, ndipo uweke picha. Usiweke picha ya kila neno. Msimulizi akisema treni, treni ikatokea, akisema mvua, mvua ikanyesha, picha inakuwa kielelezo cha kitabu cha shule. Iache shoti moja iende hadi mwisho wake, mpaka mtu aliyemo aigeukie kamera.

Mikanda mingi ya habari haina sauti kabisa. Ukiongeza nyayo na kelele za soko, fanya kwa kiasi na ujue unatunga. Bunduki iliyobandikwa juu ya picha ya kimya inaweza kubadilisha historia. Kimya nacho ni sauti halali.

Picha mnato utakazozisogelea ziskani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi). Picha ya sentimita 10 kwa 15 inakupa pikseli 2362×3543, nafasi ya kutosha kusogea ndani ya 1920 bila kupasuka.

Kubadilisha nakala

Usiagize nakala mama kabla mkato haujafungwa, yaani kabla uhariri haujafika pale ambapo hautabadilika tena. Ukishafungwa, toa orodha ya mikato yenye taimkodi za chanzo, ongeza sekunde mbili kila upande wa kila kipande, uitume. Zikifika, ziweke juu ya nakala za kutazamia kwenye taimlaini na utumie hali ya kuonyesha tofauti: picha zikilingana skrini huwa karibu nyeusi, na namba iliyochapwa kwenye nakala ya kutazamia ndiyo inayobaki. Usiziamini taimkodi peke yake. Nakala mama huenda ilitoka kwenye mkanda mwingine wenye fremu chache pungufu pale ulipowahi kukatika, na kuanzia hapo kila kitu kimesogea. Linganisha kwa jicho, kwa mwendo wa mkono au kupepesa kwa jicho la mtu.

Rangi zisawazishwe, vumbi libaki isipokuwa lile linaloziba uso. Sauti kwa televisheni zinazofuata EBU R128, kiwango cha Ulaya cha ukubwa wa sauti, iwe −23 LUFS (kipimo cha ukubwa huo). Kisha hesabu sekunde zilizotumika za kila chanzo kutoka kwenye taimlaini ya mwisho, uzijaze kwenye jedwali, na ankara zilipwe kwa hesabu hiyo. Majina ya vyanzo kwenye orodha ya mwisho yaandikwe kama leseni inavyotaka, neno kwa neno.

Hifadhi mradi pamoja na jedwali lililotolewa kama faili la maandishi matupu, leseni zote zilizoskaniwa, na orodha ya MD5, alama inayokokotolewa kutoka kwenye faili na kubadilika faili likibadilika, ya kila faili mama. Mara moja kwa mwaka zikague MD5 hizo. Faili lililobadilika lirudishwe kutoka kwenye nakala ya jengo jingine siku hiyohiyo.